Mashuka ya Ushahidi

Jumapili, 4 Februari

Mdogo wangu Fundi,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Hujambo? Sisi hatujambo. Dereva wa lori la vitunguu ameniambia hupita huko kwenu kila wiki, na barua atanibebea bure mradi nimfulie makoti yake. Nimekubali. Simu nimechoka nayo. Kila nikikupigia nasikia bweni zima linacheka nyuma yako, na siku ile mmoja akapokea yeye, akajifanya wewe, akaniuliza nimepika nini. Mambo ya nyumbani siyazungumzi mbele ya wanaume ambao mama zao siwajui.

Ugomvi ni huu: tangu kampuni ikupeleke tawi jipya hujaandika hata mstari. Umehamishwa kiwanda, hukuhamishwa ukoo. Wifi yangu, Mungu amrehemu, aliponiachia mtoto hakusema na baba yake naye apotee.

Chiriku mzima. Anakula, shule anakwenda. Siku hizi ametulia kidogo, nadhani ni ukubwa unamwingia.

Aliyezidi ni Babu Kiko. Najua hupendi tuliite bomba la moshi la kiwanda jina hilo, wewe uliyelipanda na kulishuka miaka yote. Lakini ukiishi chini yake huku uani, jina jingine huna. Tangu uondoke anavuta asubuhi mpaka jioni. Malori yanaingia na betri kuukuu za magari, wanaziyeyusha, na kinachobaki kinatushukia sisi. Juzi nimeanika mashuka ya gesti, meupe pe, bluu imekaa sawasawa. Mchana naenda kuanua, nayakuta yana madoa ya kijivu, ukipangusa yanasambaa. Nikafua tena. Yakarudi yaleyale. Mwenye gesti amekuja kunibwagia furushi zima mlangoni, majirani wote macho, eti nimemfukuzia wageni. Mimi! Mama Bluu! Mtu anayefuliwa na mimi hata akizikwa ananukia sabuni.

Basi jana madobi wa mtaa mzima tumekaa kikao uani kwangu. Bi Mkunjo naye alikuwepo, unamkumbuka, yule bibi anayepiga pasi shuka mpaka linakata mkono. Tumechoka kufua moshi wa mtu mwingine. Tunakwenda kwa afisa mazingira.

Jibu upesi, na uandike vizuri, sisomi mwandiko wa kuku.

Dada yako,
Mama Bluu


Jumanne, 20 Februari

Dada,

Barua yako ilifika ikinuka vitunguu, wenzangu wakanizunguka wakidhani nimeletewa chakula. Nisamehe kwa kimya. Mtu mgeni hana la kuandika mpaka apate pa kuweka kiti.

Sasa nimepata. Bweni ni safi, vitanda vya chuma, dirisha langu linatazama kiwanda. Tanuri la hapa ni pacha wa la huko, limetengenezwa na watu walewale, hata msumari haujabadilika. Tofauti ni majirani. Upande wa pili wa barabara kuna majumba yenye kuta ndefu na bustani, na shule ambayo watoto wanaletwa kwa magari. Na hewa ya hapa, dada, usiseme! Nilifua shati langu jeupe la Jumapili nikalianika nyuma ya bweni, chini kabisa ya bomba, likakauka jeupe vilevile. Ungekuwa huku ungetajirika.

Sasa nisikilize. Msimamizi ameniambia mwaka huu wananiajiri moja kwa moja, na mwajiriwa wa kudumu anapewa nyumba ya kampuni. Vyumba viwili, dada, na bomba la maji ndani. Nimchukue Chiriku, na wewe uje ukipenda. Ndiyo maana nakusihi hayo ya afisa mazingira uwaachie wengine. Mwenye nguvu mpishe. Kiwanda cha huko na cha huku mwenyewe ni mmoja, na mimi ni mtu wake. Nisije nikajengewa kwa mkono mmoja nikabomolewa kwa mwingine.

Halafu, Chiriku kutulia? Tangu lini? Mtoto aliyetolewa darasani kwa kumsaidia mwalimu kuzungumza? Niambie vizuri.

Mdogo wako,
Fundi


Jumatano, 28 Februari

Fundi wee,

Mtoto umeniuliza, nimekujibu: mzima. Kama unataka kumhesabu meno njoo umhesabu.

Shati lako nimelisikia. Wengine wamejaliwa. Nilipomsomea Bi Mkunjo alisonya mpaka paka akaamka.

Na hilo la kumpisha mwenye nguvu, nimpishe niende wapi? Nyuma yangu kuna ukuta wa kiwanda, mbele yangu kuna barabara ya malori yake. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na mimi nguo nimeshavua na sabuni nimejipaka.

Tulikwenda kwa afisa. Kijana mpole, shati jeupe, kalamu mfukoni. Akatusikiliza vizuri, kisha akasema, "Mama zangu, meneja anasema kiwanda ni safi. Ninyi mnasema kichafu. Mimi nahitaji kitu cha kushika mkononi." Wenzangu wakaanza kunung'unika. Mimi nikasema bwana afisa, kitu cha kushika tunacho, tunakishika kila siku, tupe muda tu. Akatupa kikao, Jumanne tarehe 26 Machi, ofisini kwake, na meneja ataitwa.

Hivi ndivyo tulivyopanga. Kila mwanamke ametoa shuka moja jeupe. Mke wa fundi viatu ametoa la harusi yake, akalibusu kwanza. Tumeyaanika nyua mbalimbali, mengine chini ya Babu Kiko, mengine mbali kule karibu na soko, ili afisa aone mwenyewe yanavyozidi kuchafuka kadiri unavyokaribia bomba. Sharti ni moja: hakuna kuyagusa. Hakuna kufua, kusuuza, wala kupangusa, mpaka siku ya kikao.

Bi Mkunjo ndiye anayeumia. Anapita uani amejifunika uso na kanga asiyaone. Jana kanishika mkono akaniambia, "Mwanangu, mimi nimezeeka, usiniue kwa kuniwekea uchafu mbele ya macho." Nimecheka mpaka nikakaa chini.

Wewe fanya kazi yako. Mimi nafanya yangu.

Mama Bluu


Jumatatu, 11 Machi

Dada,

Nakuomba uache. Toa jina lako kwenye hayo malalamiko, mashuka warudishie wenyewe. Usiniulize sababu. Kama unanipenda na kama unampenda mtoto, acha.

Fundi


Jumatano, 27 Machi

Fundi,

Kibarua chako hicho nilikisoma nimesimama nikakimaliza kabla sijakaa. Nikajiuliza, wamemnunua? Kwa vyumba viwili na bomba la maji? Nilitaka nisikuandikie tena. Lakini yametokea mambo, na la pili kati ya hayo ni haki yako kulijua.

La kwanza ni kikao, na hapo utacheka, mimi bado sijaweza.

Mashuka tuliyaanua Jumatatu jioni. Yalikuwa yanatisha. Yale ya chini ya Babu Kiko yalikuwa ya kijivu kabisa, yamekakamaa. La harusi lilikuwa na michirizi kama limelala barabarani. Tukamkabidhi Bi Mkunjo ayalaze kwake, maana nyumba yake ina mlango wa maana. Asubuhi akaja ofisini kwa afisa na toroli la binamu yake, mafurushi yamefunikwa vizuri, amevaa nguo yake ya sherehe, amejipaka poda.

Meneja alikuwepo na mwanasheria wake. Afisa akasema haya mama zangu, nionyesheni. Nikafungua furushi la kwanza.

Mdogo wangu, yalikuwa meupe. Meupe yanayoumiza macho. Yamefuliwa, yametiwa bluu, yamepigwa pasi, yamekunjwa kona kwa kona. Nikafungua la pili. Vilevile. La harusi lilikuwa linanukia maua.

Nikamgeukia Bi Mkunjo. Amekaa kwenye benchi, mikono mapajani, anatabasamu. Akasema kwa sauti, "Mlitaka twende mbele ya serikali na mashuka machafu? Wangesema ndio madobi hao?" Alikesha anafua, na wajukuu zake wanamchotea maji.

Meneja alicheka akajipiga magoti. Mwanasheria akaomba iandikwe kuwa walalamikaji wameleta mashuka safi kuliko ya hoteli. Bi Mkunjo akasema asante. Hapo ndipo alipoona nyuso zetu, na akaelewa. Akavua miwani akaanza kuifuta kwa pindo la nguo, anaifuta tu, haivai. Sikuweza kumkasirikia. Nikwambie kweli? Hata mimi usiku ule nilijigeuza kitandani nikiwaza aibu ya kuyafungua mbele ya watu. Mkono wa dobi hauwezi kuacha doa.

Afisa alikuwa anakusanya karatasi zake. Nikasimama, nikasema bwana afisa, haya mashuka sasa ni safi, na mwanasheria wa bwana meneja mwenyewe ametaka iandikwe kuwa ni safi. Basi njoo uani kwetu uyaanike kwa mikono yako, tukae wote tuyatazame. Meneja akawa wa kwanza kukubali. "Hata kesho!" anasema. Afisa akapanga Jumanne, tarehe 16 Aprili.

Hilo ni la kwanza. Sasa kaa chini.

Chiriku haumwi ukubwa. Tangu kabla ya mwaka mpya tumbo linamuuma, anatapika, anachoka. Halafu maneno yakaanza kumwisha. Unamwita anakutazama. Shairi la shule alilokuwa analiimba kutwa amelisahau katikati. Muuguzi wa zahanati akamtoa damu ikapelekwa hospitali kubwa, na majibu yamekuja: damu yake ina madini ya risasi, yale ya ndani ya betri. Si yeye peke yake, watoto wa uani karibu wote wanayo, lakini yake imepanda zaidi. Ameanza dawa. Muuguzi hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Amesema dawa itasaidia, lakini kama ataendelea kuivuta hewa ileile ni sawa na kuteka maji kwa pakacha.

Nilikuficha. Nilisema utaacha kazi uje, nani atalipa dawa, na kisha nikasema labda itapita. Mficha maradhi kifo humuumbua, nimelisema hilo kwa watu wengi, kwangu nikalisahau. Nimemlaza mtoto wako kwenye mashuka niliyoyaanua kwenye kamba hiyohiyo, nikamfunika mpaka shingoni.

Sasa unajua kwa nini siachi. Ukitaka kunichukia nichukie, lakini tarehe 16 nipo uani.

Dada yako


Ijumaa, 5 Aprili

Dada yangu,

Nimeisoma chooni, maana bwenini hakuna pa kulilia. Sikuchukii. Nimekasirika, nimekasirika sana, na wewe umo, lakini hupo mbele kwenye foleni.

Kibarua kile niliandika baada ya kuitwa ofisini. Meneja wa huko alipiga simu huku, na msimamizi akaniuliza, "Huyu mama wa mashuka ni nani wako?" Nikasema dada. Akasema basi mtulize, au nyumba tumpe mtu ambaye dada yake ametulia. Alisema huku akicheka, akanimiminia chai. Hakuna aliyeninunua, dada. Walinitisha, nami nikatishika. Nilidhani nanunua muda ili mtoto aje huku apate hewa. Kumbe muda ndio unaomla.

Sasa jambo ambalo lazima ulijue kabla ya tarehe 16. Mlinisonya kwa ajili ya shati. Mimi mwenyewe nililiandika kama mjinga, sikulifikiria. Shati halichafuki hapa kwa sababu ya chujio. Ndani ya bomba, kabla moshi haujatoka juu, kuna chujio, mifuko mikubwa ya kitambaa inayokamata vumbi lote. Hapa linafanya kazi mchana na usiku, kwa sababu ng'ambo ya barabara wanaishi wakubwa, na mkubwa mmoja akikohoa simu inapigwa. Huko kwenu chujio hilo lipo. Lipo, dada! Nilisaidia kulifunga mimi mwenyewe. Lakini linakula umeme, na mifuko inachakaa, kwa hiyo huzimwa. Tulikuwa tunaambiwa tuliwashe wakaguzi wakija, wakiondoka tunalizima. Nilikuwa naona ni mambo ya kazi tu, kama kuvaa kofia wakija wageni.

Umeelewa? Ndiyo maana meneja alikubali upesi. Jumanne ile atawasha chujio alfajiri, na mashuka yenu yatakauka meupe mbele ya afisa, na mtakuwa mmeaibika mara mbili. Ahirisheni. Tafuteni njia nyingine.

Na nakuomba, usiseme umeyapata kwangu. Mafundi tulioligusa chujio hilo tunahesabika, watajua siku hiyohiyo. Nikipoteza kazi sasa dawa tutalipa kwa pesa gani?

Mwambie Chiriku baba yake anamsalimu. Kama hajibu, mwambie tena.

Fundi


Alhamisi, 11 Aprili

Fundi,

Hatuahirishi. Acha yakauke meupe.

Wewe sikutaji, hata wanikamue kama shuka la pamba. Chiriku nimemwambia, akauliza, "Baba yupi?" Halafu akacheka kidogo, kwa hiyo nadhani ni utani.

Dada


Jumapili, 14 Aprili

Dada,

Nampa dereva barua hii akiwa anawasha gari, ameahidi kukufikia kabla ya Jumanne.

Nimevaa lile shati leo. Nikatoka nikasimama barabarani, nikawatazama watoto wa shule ile wakicheza nyuma ya ukuta, wanapiga kelele kama Chiriku alivyokuwa. Nimelivua nikalikunja. Siwezi kulivaa.

Nitaje. Ukiulizwa nani kakwambia, sema ni mdogo wako, aliyelifunga kwa mikono yake. Wakitaka niapishwe nitaapa. Mtoto ni wangu.

Fundi


Jumapili, 21 Aprili

Mdogo wangu, mwana wa mama yangu,

Nitakuandikia pole pole kwa sababu nikikimbia nitalia, na wino ni wa kuazima.

Jumanne asubuhi tuliamka, na Babu Kiko alikuwa ameacha kuvuta. Mwembamba, msafi, anatoa kamvuke, mpaka utazame mara mbili ndipo ukaone. Majirani wakatoka nje wanashangaa, wengine wakadhani kiwanda kimefungwa. Mimi nikasema moyoni, Fundi hakunidanganya.

Meneja alikuja na gari linalong'aa na maji ya chupa ya kugawa. Afisa alikuja na shati lake jeupe na kalamu. Akaanika mashuka kwa mikono yake mwenyewe, vibaya sana, Bi Mkunjo ilibidi tumshike asimsogeze. Tukakaa. Tukayatazama. Jua likapanda mpaka utosini, mashuka yakakauka, afisa akapita moja moja akipapasa. Meupe pe.

Meneja akasimama akapangusa suruali. "Nadhani tumemaliza," akasema. "Moto unawaka, malori yanaingia kama kawaida, na mashuka ndiyo hayo."

Nikasema, "Bwana meneja, unathibitisha kuwa moto unawaka leo?"

"Nathibitisha."

"Sawa na jana?"

"Sawa na siku zote, mama."

Nikamgeukia afisa. "Bwana afisa, naomba hilo liandikwe. Moto unawaka, malori yanaingia, na mashuka yamekauka meupe. Mimi naishi hapa tangu ukuta huo haujajengwa, na mwaka huu sijaanua shuka jeupe kwenye kamba hii hata siku moja. Leo ni mara ya kwanza. Kumbe inawezekana! Basi sisi hatudai kiwanda kihame. Tunadai leo iwe kila siku."

Meneja akaanza, "Mama, hiyo siyo..." Afisa akamwinulia mkono. Akaniuliza, "Unadhani leo kuna nini ambacho jana hakikuwepo?" Nikasema kuna chujio ndani ya bomba, linawashwa wageni wakija na kuzimwa wakiondoka. Akaniuliza nani kaniambia. Nikavuta pumzi. Nikasema, "Mdogo wangu. Ndiye aliyelifunga. Yule mtoto aliyekaa mlangoni asiyesema ni wa kwake, na yuko tayari kuapa."

Ungeuona uso wa meneja. Alifungua chupa ya maji akanywa yote.

Lakini mwanasheria akaruka. Maneno ya mtu mmoja, mtumishi mwenye kinyongo, ushahidi uko wapi? Afisa akakuna kichwa. Nikaona tunateleza tena. Na ndipo Bi Mkunjo, ambaye tangu siku ile ya ofisini hakuwa amesema neno na mtu, akainuka akamwendea afisa, akamshika kola.

"Mwanangu," akamwambia, "shati hili anakufulia nani?"

"Nafua mwenyewe, bibi."

"Inaonekana. Kola imefubaa. Nivulie."

Watu wakapasuka kicheko. Afisa akacheka pia, kisha akaacha kucheka, akamtazama bibi vizuri, akatazama bomba, akavua shati. Akabaki na fulana. Bi Mkunjo akalifua palepale mbele ya watu, akalisuuza, akalitia bluu, akaninyooshea. Nami nikampa afisa vibanio. Akalianika mwenyewe. Akasema, "Asiliguse mtu. Nitakuja kulifuata siku nitakayopenda, na simwambii mtu yeyote, hata mke wangu." Akaondoka amevaa fulana na mkoba.

Bi Mkunjo akaleta kiti akakiweka chini ya kamba. Nikamwambia bibi, wewe ndiye wa kutuangusha tena. Akasema, "Nimekaa hapa nijilinde mwenyewe." Akaikalia mikono yake. Nakwambia kweli, Fundi, alikuwa ameikalia.

Jumatano asubuhi Babu Kiko akawasha kiko chake. Mweusi tititi. Hawakuweza kuvumilia hata siku moja ya umeme.

Ijumaa afisa akaja kwa miguu, bila gari, bila kalamu. Shati lilikuwa kwenye kamba linatazamana naye. Mabega yote ya kijivu, kola ina madoa, mfuko umejaa vumbi utadhani mtu ameweka majivu. Bi Mkunjo alikuwa analia kwa uchungu wa shati. Afisa alilitazama muda mrefu. Nilidhani atalikunja alitie kwenye bahasha kama wafanyavyo wao. Hakulikunja. Alilivaa. Akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, akavuka barabara, akaingia langoni mwa kiwanda hivyohivyo, na sisi nyuma yake, madobi wote, kila mmoja na shuka lake begani. Mlinzi akafungua geti bila kuulizwa.

Moto umezimwa, mdogo wangu. Amri imebandikwa langoni. Hauwashwi mpaka chujio lifanye kazi mchana na usiku, na ufunguo wa swichi yake usikae kwa meneja. Bado tunadai udongo wa uani uchimbwe utolewe, na watoto wote wapimwe na watibiwe kwa gharama za kiwanda. Meneja amesema tutaonana mahakamani. Bi Mkunjo ameuliza ni lini, apige pasi. Shuka la harusi tunaliacha nje, jeupe lilivyo, lichunge moshi, halifuliwi tena mpaka kesi iishe. Mwenyewe amekubali.

Habari zako nimezipata kwa dereva kabla hujaandika. Amesema wamekutoa kazini Alhamisi, na bwenini uliondoka na sanduku moja. Nyumba ya vyumba viwili nimeilia kidogo, usidhani sikuilia. Sasa nimemaliza. Njoo. Chumba cha nyuma nimekifagia, na afisa anamtafuta fundi anayelijua chujio hilo asimame pale wakati wa kuliwasha. Nimemwambia ninamjua mmoja, mwandiko wake ni wa kuku.

Dada yako,
Mama Bluu

Huyu mtu ameninyang'anya kalamu.

Baba ni mimi Chiriku shangazi anasema niandike mstari mmoja lakini mstari mmoja hautoshi kwa sababu nina mambo mengi, la kwanza dawa ni chungu la pili bibi Mkunjo amelala kwenye kiti anakoroma la tatu nimekumbuka lile shairi lote isipokuwa mwisho, mwisho bado, la nne leo nimechungulia nje Babu Kiko havuti na nimehesabu mashuka yote kwenye kamba hakuna hata moja lenye doa na shangazi ameniachia nafasi mwishoni pale karibu na mlango hataki mtu aanike kitu chake hapo kwa hiyo Baba uje na lile shati lako